Bunhiong Hakuvuka Daraja

Mlio nami tangu mwanzo mnanijua vizuri, hata wengine mnanichoka. Kwa anayenikuta leo, nijieleze harakaharaka. Naitwa Siokkeng, mjane, mkulima wa vitunguu saumu huku Yunlin, kusini ya mto Zhuoshui. Tetemeko lilitupasulia nyumba, ukuta wa jikoni ukalala uani. Mwanangu wa pekee, Guanlin, akaja kutoka Taichung akasema, "Mama, basi. Unahamia kwetu." Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimekumbatia nguzo ya mlango, nikiapa kwamba nitatolewa pale nimebebwa.

Sikubebwa. Nilitoka kwa miguu yangu, kwa sharti moja.

"Baba yako anakuja na sisi," nilimwambia.

"Mama, nani kasema anabaki?"

Bunhiong, mume wangu, amekufa mwaka wa tatu sasa. Lakini sisi marehemu wetu hatuwaachi nyuma pamoja na makabati mabovu. Asubuhi ya kuhama niliwasha udi mbele ya kibao cha wahenga, nikamtajia mtaa mpya, namba ya jengo, ghorofa ya tisa. Nikamwambia kuna lifti, asihangaike na ngazi. Kisha nikakifunga chetezo chake kwa kitambaa chekundu, na majivu ya udi humohumo, nikakitoa nje chini ya mwavuli mweusi ili jua lisiipige roho yake.

Wifi yangu Bihong, dada yake mkubwa, alisimama uani kunisimamia.

"Kijiti cha udi kisizimike njiani," akasema. "Na kila kona mwite. Na kila daraja, Siokkeng! Kila daraja! Roho haivuki maji isipoitwa."

"Nimesikia, wifi. Mimi si mtoto."

"Mdogo wangu huyo."

"Na mume wangu huyo."

Tukaachana hivyo, bila kwaheri ya maana. Halafu nikarudi ndani kidogo, nikachukua ufagio nikafagia nyumba yote, mpaka chini ya kitanda. Sikutaka nyumba ibaki na uchafu wangu. Guanlin alisimama ananiangalia.

Likumbukeni hilo la kufagia.

Garini nilikaa nyuma, chetezo mapajani, mwavuli nusu wazi. Guanlin anaendesha, na kando yake Ruohan, mkewe. Mnakumbuka nilivyokuwa namwita huyu mkamwana wangu? "Yule." Yule anayeuza miwani. Yule asiyejua kuchambua kitunguu. Basi "yule" kafungua dirisha moshi utoke, na mimi naita.

"Bunhiong, tunakata kulia, tufuate. Bunhiong, kuna mfereji hapa, vuka na sisi."

"Mama," Guanlin akasema, "mwavuli unanichoma kisogo."

"Inama."

"Halafu baba hajawahi kupotea njia. Hata akilewa alikuwa anafika."

"Alipotea. Akaamkia kwenye matikiti ya watu. Wewe endesha."

Ruohan akaangua kicheko. Nami nikacheka. Jamani, nilicheka! Nikajiambia, pengine nitaweza. Pengine nitazoea.

Hapohapo simu ya Guanlin ikaita. Ilikuwa imeunganishwa na redio ya gari, basi sauti ya mwanaume ikatujia wote, mle ndani, kubwa.

"Bosi, tumefika na tingatinga. Hii mitungi ya uani tuitoe, au tuibomoe humohumo?"

Guanlin akakata simu. Amechelewa.

"Tingatinga la nini?" nikauliza.

Guanlin akashika usukani kwa mikono miwili.

"Guanlin, nakuuliza. Tingatinga la nini?"

"Mama, nilikuwa nikuambie tukishafika."

"Uliniambia wanabomoa baada ya mwaka mpya! Uliniambia nitarudi kuchukua mitungi yangu!"

"Ningekuambia ni leo, ungetoka?"

"Nimefagia!" nikapiga kelele. "Asubuhi hii nimefagia, Guanlin! Umesimama pale unaniangalia nafagia nyumba ya kubomolewa!"

"Nilishindwa kukuzuia, mama." Alikuwa bado anaangalia barabara. "Nilitaka kukunyang'anya ule ufagio nikashindwa. Unadhani mimi inaniuma kidogo? Mimi nimezaliwa mle."

"Basi ungesema!"

"Ningesemaje?"

Nilimtukana. Sitayaandika hapa niliyomwambia, maana ni mwanangu na wengine mnamjua. Nililia, nikampiga begani kwa mkono, Ruohan akawa anasema, "Mama, anaendesha, mama, tafadhali," na mimi sisikii. Nilikuwa naiona ile mitungi yangu ya mboga za chumvi inavunjwa mmojammoja.

Nilipoinua macho, kibao cha barabarani kilisema tumeingia Changhua.

Changhua iko kaskazini ya mto.

"Mto uko wapi?" nikauliza.

Ruohan akamtazama mumewe.

"Mto uko wapi, Guanlin?"

"Tumeshaupita, mama."

Nikatazama chetezo. Kijiti kilikuwa kimezimika. Sikumbuki kilizimika saa ngapi.

"Geuza gari."

"Barabara kuu hii. Hakuna pa kugeuza."

"Geuza, nakuambia! Baba yako amebaki ng'ambo!"

"Kuna njia ya kutokea hapo mbele," Ruohan akasema polepole. "Tunaweza kurudi."

"Na saa?" Guanlin akasema. "Mama mwenyewe ndiye aliyekwenda kuchaguliwa saa njema ya kuingia. Tukirudi imepita. Na gari la mizigo liko mbele yetu."

Hapo ndipo nilipobanwa. Ukiingia nyumba mpya nje ya saa yako, umeingiza balaa. Na ndani ya ile nyumba wanaishi wao, si mimi peke yangu. Ruohan aligeuka akanitazama, anangoja niseme.

Nikasema, "Twende."

Hiyo "twende" ndiyo inanila mpaka leo. Nilitoa kichwa dirishani nikaita jina lake kuelekea nyuma, upepo ukanijaa mdomoni. Malori yanatupita. Nani angenisikia?

Tukafika kwa saa yake. Tukaingia kwa mguu wa kulia. Ruohan alikuwa ameandaa rafu safi ya chetezo ukutani, mbali na choo, mbali na jiko, kama inavyotakiwa. Sijui alifundishwa na nani. Akapika vidonge vya unga wa mchele, vyekundu na vyeupe, kwenye maji ya sukari, tule tukae pamoja vizuri. Na siku ya kuhamia hatulii, maana machozi yanabaki humo ndani. Basi nikameza vidonge, nikameza na machozi.

Kisha nikatoa vibao vyangu viwili vya kuulizia. Ni vya mianzi, kila kimoja kimepinda kama kipande cha mwezi, bapa upande mmoja, mviringo upande wa pili. Unauliza, unavirusha chini. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, jibu ni ndiyo. Vyote kifudifudi, hapana. Vyote chali, mwenyewe anakucheka, hajibu.

"Bunhiong, umefika?"

Kifudifudi vyote.

"Bunhiong, umefika mume wangu?"

Chali vyote.

"Bunhiong?"

Kifudifudi.

Nilirusha mpaka magoti yakafa ganzi. Guanlin akaondoka, akajifungia bafuni, nikasikia bomba linafunguliwa na halifungwi. Mlango wa mbele ukagongwa. Alikuwa mama wa ghorofa ya chini, na mtoto begani.

"Samahani, kuna kitu kinagonga dari yetu."

"Utuwie radhi," Ruohan akamwambia. "Mama mkwe anamuuliza baba mkwe kama ameshafika."

"Ooh." Yule mama akachungulia. "Ameshafika?"

"Bado."

"Basi endeleeni tu."

Ruohan akaenda akaleta taulo, akalikunja, akalitandika chini nilipokuwa narushia. Hakuniambia niache.

Siku zilizofuata sijui nizieleze vipi. Nyumba ilikuwa nzuri. Maji ya moto yapo, kitanda laini, jua linaingia. Na mimi nilikuwa nakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, viatu vyangu vimepangwa, begi sijalifungua. Nikienda sokoni, narudi nasimama chini ya majengo sita yanayofanana, mlinzi ananiuliza, "Bibi, unakwenda kwa nani?" Nasema kwa mwanangu. Sikuweza kusema kwangu. Nilijaribu, mdomo ukakataa.

Naamka naweka bakuli mbili za uji. Namwambia, "Bunhiong, uji," halafu nakumbuka kwamba naongea na rafu isiyo na mtu. Kule kijijini alikuwa amekufa, lakini alikuwepo. Hapa alikuwa amekufa kweli.

Nikampigia wifi Bihong.

"Amekaa vizuri mdogo wangu?" ndiyo salamu yake.

Nikatazama rafu.

"Siokkeng. Ulimwita kwenye mfereji?"

"Nilimwita."

"Kwenye daraja kubwa?"

Nikaanza kulia.

"Mungu wangu! Umemwacha mdogo wangu barabarani?"

"Wifi, tulikuwa tunagombana, nika..."

"Mnagombana na marehemu mapajani! Amesimama pale mwenyewe, hana nyumba nyuma, hana nyumba mbele! Nyumba imekwisha, Siokkeng, wamesawazisha mpaka kisima! Atarudi wapi?"

Akanikatia.

Ruohan alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Alikuwa amesikia kila kitu, maana wifi akiongea, hata simu haihitajiki.

"Mama," akasema, "kwa nini nguo hujazitoa kwenye begi?"

"Nitazitoa baba yenu akifika."

Akaja akakaa sakafuni karibu na kiti changu.

"Mwaka wangu wa kwanza kuja kwenu, sikukuu," akasema, "mlinipa kiti cha karibu na mlango. Unakumbuka?"

"Kilikuwa ndicho kilichobaki."

"Miaka minne, mama? Miaka minne ndicho kilichobaki?"

Uso uliniwaka moto.

"Sisemi ili tugombane," akasema. "Nasema kwa sababu najua kukaa na begi limefungwa. Nilikuwa nakaa pale nahesabu lini tutaondoka. Kesho sina kazi. Nitakupeleka darajani, tukamchukue baba."

Nilimtazama yule binti. Nilitaka kumshika mkono nikaona aibu. Nikasema tu, "Tubebe na taulo."

Hatukupita barabara kuu. Kule huwezi kusimama. Tulipita daraja la zamani, lile la chuma jekundu la Xiluo, magari yanakwenda taratibu na mtu anaweza kuegesha ukingoni. Kesho yake, jua likiwa juu, tulikuwa upande wa kusini, upande wa nyumbani. Ruohan akauliza kama nataka tufike kijijini kwanza, nione.

"Nikaone nini?"

Akazima gari.

Niliwasha udi, nikashika chetezo, yeye akanifungulia mwavuli. Nikaita.

"Bunhiong! Nimerudi kukuchukua. Nilikosa. Njoo tuvuke."

Sauti ilitoka ndogo, upepo wa mto ukaichukua. Ruohan akanitazama, akajisafisha koo, halafu akapaza sauti, yule muuza miwani mpole, mpaka mwendesha pikipiki akageuka.

"Baba! Baba mkwe! Tumekuja kukuchukua! Nyumba ipo! Rafu nimeifuta! Njoo nyumbani!"

Hapo nikalia, na sikujizuia. Miaka minne nilimweka mlangoni, na yeye ndiye anayeniitia mume wangu mtoni.

Tukaingia darajani polepole, mimi mbele na chetezo, yeye na mwavuli. "Bunhiong, tunavuka. Bunhiong, daraja hili. Bunhiong, shika nguo yangu." Tukafika katikati. Chini mchanga mwingi, na maji ya rangi ya matope yanapita kwa vijia.

"Tumuulize kwanza kama yupo," Ruohan akasema. "Tusije tukafika tena mikono mitupu."

Akatandika taulo kando ya reli. Nikaweka chetezo chini, nikapiga magoti.

"Bunhiong, uko na sisi?"

Ndiyo! Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Jamani, moyo wangu! Nikarusha tena kuhakikisha. Ndiyo. Mara ya tatu, ndiyo. Ruohan akanikumbatia, mwavuli ukatuangukia wote wawili, tukawa tunacheka na kulia pale chini kama vichaa.

"Haya, muulize kama twende," akasema anajifuta macho. "Tumwambie asante tuondoke."

"Bunhiong, twende Taichung?"

Kifudifudi vyote.

"Twende nyumbani kwa mwanao?"

Kifudifudi.

"Labda hajaelewa, mama. Taratibu."

"Mume wangu. Unavuka na sisi?"

Kifudifudi.

Kicheko kilituishia. Niliviokota vile vibao na tayari nilikuwa najua nitakachouliza, na sikutaka kukiuliza. Mtu uliyelala naye miaka arobaini unamjua. Bunhiong alipelekwa Taichung mara moja kuona daktari, na usiku mmoja tu ukamshinda. Aliniambia, Keng, huku hata kuku hawawiki.

"Bunhiong," nikasema, "unataka kubaki huku?"

Kimoja chali. Kimoja kifudifudi.

Tena.

Kimoja chali, kimoja kifudifudi.

Ruohan alishika mdomo. Nikarusha mara ya tatu, na jibu likawa lilelile.

Nikasimama. Sijui hasira ile ilitoka wapi.

"Ubaki na nini?" nikampigia kelele. Magari yalikuwa yanapunguza mwendo, sikujali. "Nyumba hakuna, Bunhiong! Wameibomoa! Nimeifagia wakaibomoa! Kisima wamekifukia! Unabaki na nani huku? Dada yako? Mitungi imevunjwa! Nimekuosha, nimekulisha kwa kijiko, nimekuja mpaka hapa na huyu mtoto wa watu anakuita barabarani bila haya, na wewe unanikataa mbele yake!"

"Mama, keti kidogo."

"Basi tusizungushane. Nijibu hili moja." Nikavinyakua vibao. "Mimi niende bila wewe?"

"Mama, ngoja taulo, si kwenye..."

Nilikuwa nimesharusha, kwenye lami tupu.

Kimoja kilianguka miguuni pangu, chali. Cha pili kiligonga lami, kikaruka, kikasimama kwa ukingo wake, kikabingirika. Ruohan akajitupa kukikamata. Akagusa, nilimwona akigusa. Kikapita chini ya reli.

Tukaenda tukainama wote wawili. Kilianguka kwenye maji, si kwenye mchanga. Kikazama, kikaibuka mbali, kidoa kidogo cheusi, kinageuka na kugeuka, na maji yakakichukua kuelekea baharini.

Ruohan magoti yake yalikuwa yanatoka damu.

"Ulikiona, mama?" akauliza. "Kilikuwa kinaelekea kulala vipi?"

"Wewe je?"

Akatikisa kichwa.

Niliokota kile kilichobaki. Kikiwa kimoja hakisemi kitu. Vile vibao alivichonga Bunhiong mwenyewe, mwaka tulipooana, kutoka mwanzi mmoja, na vingine vya kuniambia neno lake sina.

Simu ya Ruohan ikaita. Akaitazama, akanipa.

"Ni Guanlin. Mjibu wewe, mama."

Nikaiweka sikioni. Kwapani nimebana chetezo, kijiti bado kinafuka. Nyuma yangu kusini, mbele yangu kaskazini, gari la Ruohan liko kule tulikoanzia.

"Mama?" Guanlin akasema. Alikuwa amelia, nilimsikia. "Nimeunganisha meza yako ya zamani ya kule nyumbani, ile uliyodhani wameivunja. Niliwaambia wale wa tingatinga waniwekee. Nimeipanga dirishani, na kiti chako. Mmefika wapi? Mko upande gani wa mto?"

Ruohan alikuwa ananitazama, mwavuli mkononi, hanisukumi.

Nikafungua mdomo nimjibu mwanangu, na kijiti cha udi ndani ya chetezo kikazimika.